Sufuria Tupu, Midomo Mikavu

Aliyegundua hakuwa mimi. Alikuwa dada wa uhasibu, na alichogundua ni umeme.

"Kaka, hivi ile mashine yenu mmeiongezea nini?" aliniuliza Jumatatu moja ya Januari, begi langu likiwa bado begani. "Unit za LUKU zinakwisha kabla ya siku zake. Nimepiga hesabu mara mbili."

Nikamjibu kwa ule ujuaji wetu watu wa kompyuta, kwamba ni AC ya chumbani kwa mkurugenzi, Moshi Januari si unajua joto lake.

"AC imekufa tangu Novemba."

Basi nikaenda kuangalia. Kampuni yetu inapandisha wageni mlimani. Ofisi haiko mbali na mnara wa saa, na seva yetu (jina kubwa kwa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya kori nne) inakaa kwenye stoo ya chini ya ngazi, ikibanana na mahema yaliyochanika na mitungi ya gesi ya wapishi. Humo ndani kuna bukingi zote, malipo ya wapagazi, na nakala za pasi za kila mgeni aliyepita mikononi mwetu kwa miaka kadhaa. Kufungua mlango tu, joto likanipiga usoni. Feni ilikuwa inalia kama mashine ya kukoboa.

Nikaingia kwenye mashine, nikaandika top. Kwa asiyeijua, top ni programu ya Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, inayokuonyesha nani anatumia nguvu ya kompyuta. Juu kuna muhtasari, chini kuna orodha ya programu zinazofanya kazi, mlaji mkubwa akitangulia. Muhtasari ulisema prosesa inatumika kwa asilimia 98. Orodha ya chini ilisema hakuna anayekula hata asilimia 2.

Nilikaa pale nikiitazama kwa muda. Ni kama mama anayerudi shambani akakuta sufuria ya ugali imekombwa, akawapanga watoto wote mstari, na kila mdomo ni mkavu. Ugali haujiliki wenyewe. Kuna mtoto ambaye hajapangwa kwenye ule mstari.

Nilimkumbuka Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akisimamia kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley kule California mwaka 1986. Yeye aliambiwa atafute senti 75 zisizolingana katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Akazifuata zile senti hadi kwa mvamizi aliyekuwa Ujerumani Magharibi, akiwauzia KGB alichokiokota. Dada wetu wa uhasibu alikuwa na unit moja na nusu kwa siku. Nilipiga hesabu baadaye: prosesa ikikimbia mchana na usiku ikaongeza wati sitini tu, kwa saa 24 unaifikia hiyo unit moja na nusu karibu kabisa. Tangu siku ile sijawahi kumbishia mhasibu.

Kitu nilichokuwa nacho ndani kinaitwa rutikiti. Ruti ni yule mtumiaji mkuu wa mfumo, mwenye funguo zote za nyumba. Rutikiti ni furushi la vifaa ambalo mvamizi huliacha baada ya kuupata uruti, na kazi yake kubwa si kuvunja mlango, maana mlango umeshavunjwa. Kazi yake ni kuficha kwamba ulivunjwa. Za kizamani zilifanya hivyo kwa kubadilisha programu zenyewe: unaandika ps kuona programu zinazoendeshwa, au ls kuona mafaili, kumbe ps na ls si zile ulizozizoea. Ni mapacha wao, waliofundishwa kuruka majina fulani wanapokusomea orodha. Aina yangu ilikuwa ya kisasa kidogo, nami ilinichukua nusu siku kuielewa.

Kwanza nilifanya alichofundishwa kila mtu anayesimamia Debian, aina ya Linux tuliyo nayo, nikaendesha debsums. Hii hupitia mafaili yaliyoletwa na vifurushi vya mfumo, ikalinganisha kila moja na alama yake iliyohifadhiwa. (Wa Red Hat na ndugu zake wana rpm -Va. Wa Windows wana sfc /scannow, inayokagua mafaili ya mfumo na kurudisha yaliyoharibika.) Skrini ikateremka na maneno OK, OK, OK, mamia kwa mamia. Yote sawa. Kijana wetu wa field, mwanafunzi aliyekuwa kwetu kwa wiki nane, akashusha pumzi: "Afadhali, bro."

Afadhali ya wapi! Mle ndani kulikuwa na makosa mawili. La kwanza, zile alama za kulinganishia zinakaa kwenye diski ya mashine hiyohiyo, kwa hiyo mwenye uruti akitaka anaziandika upya. La pili ndilo lililokuwa langu: debsums inawajua watoto waliozaliwa nyumbani tu. Inakuambia kama fulani amebadilika sura. Mgeni aliyejilaza uvunguni, ambaye hakuletwa na kifurushi chochote, haimwulizi hata jina. Na mvamizi wangu hakubadilisha kitu. Aliongeza.

Mchana nilizima mashine, nikachomeka flashi yenye Linux nyingine safi, nikaiwasha kwa ile flashi. Hapo diski ya seva haikuwa tena mwenye nyumba. Ilikuwa mzigo mezani, inafunguliwa na mtu mwingine. Nikaingia kwenye folda ya etc nikaorodhesha. Faili lilikuwepo pale waziwazi, linaitwa ld.so.preload. Mashine ilipokuwa inajiendesha yenyewe, nilikuwa nimeorodhesha folda hiyohiyo mara tatu na sikuliona.

Hili faili linastahili kuelezwa kidogo. Karibu kila programu ya Linux hutegemea maktaba za pamoja, vipande vya msimbo vinavyofanya kazi za kila siku kama kufungua faili au kusoma orodha ya folda. Ukiandika jina la maktaba ndani ya ld.so.preload, mfumo unaipakia hiyo kwanza kabla ya nyingine zote, kwa karibu kila programu inayowashwa. Mashine nyingi hazina kabisa faili hili. Langu lilikuwa na mstari mmoja, njia ya kwenda kwenye maktaba iliyopewa jina la kawaida mno, ambalo ungelipita bila kugeuka. Maktaba ile ilikaa katikati ya ls na diski, katikati ya top na orodha ya programu, ikichuja majibu. Lakini ule muhtasari wa asilimia 98 top inausoma kutoka faili jingine la kerneli (kiini cha mfumo, kinachosimamia programu zote), na huko mwandishi wa rutikiti hakugusa. Alificha mdomo akasahau sufuria. Programu iliyokuwa ikila umeme wetu ilikuwa ya kuchimba sarafu za kidijitali, kwa faida ya mtu ambaye sitamjua.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kihamba Kibosho na alikuwa akiuza kahawa. Nyakati fulani walipita wanunuzi wa kujitegemea, nyumba kwa nyumba, na mizani yao ya kuning'iniza. Bibi alikuwa na jiwe. Alilipima siku moja kwenye mzani wa chama cha ushirika, kilo 5 kamili, akalipiga mstari wa rangi ya bluu. Mnunuzi akija, karibu kiti, karibu chai, halafu kabla ya gunia kusogea Bibi analeta jiwe: "Nipimie hili kwanza, mwanangu." Mzani ukisema nne na nusu, mnunuzi anamaliza chai yake anaondoka na gunia zake tupu. Na lile jiwe hakuliweka ghalani na kahawa, alikokuwa akiingia kila mtu. Lilikaa chini ya kitanda chake. Nilikuwa mdogo, nikidhani ni uzee.

Kompyuta iliyoingiliwa ni mzani wa mnunuzi. Huwezi kuuliza mzani kama ni mwaminifu, kwa sababu utakaokujibu ni mzani huohuo. Unahitaji kitu ambacho uzito wake ulichukuliwa siku ya amani, kikahifadhiwa pasipo mkono wa huyo unayemshuku.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Gene Kim na mwalimu wake Gene Spafford walitoa programu iliyoitwa Tripwire. Siku mfumo ukiwa msafi, programu inapita kwenye mafaili yote muhimu na kuandika daftari: jina, ukubwa, mwenye faili, ruhusa, nyakati, na hashi ya yaliyomo. Hashi ni alama ya kidole ya faili. Ya SHA-256 ni herufi na tarakimu 64, na ukibadilisha nukta moja tu ndani ya faili la gigabaiti nzima, zinatoka 64 nyingine kabisa. (MD5 iacheni ipumzike. Mwaka 2004 watafiti wa China walionyesha data mbili tofauti zikitoa alama moja.) Baada ya hapo kila siku programu inapita tena na kulinganisha na daftari. Tarehe peke yake haitoshi, kwa kuwa kuirudisha nyuma tarehe ya faili ni kazi ya amri moja. Kuirudisha hashi ni jambo lingine kabisa.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na nimekuwa nikiizungukazunguka tangu aya ya kwanza. Nilikuwa nayo. Seva yetu ilikuwa na AIDE, mdogo wake Tripwire wa bure, niliyoiweka mwenyewe. Kila usiku saa nane ilikuwa inakagua na kunitumia barua pepe.

Oktoba iliyopita nilisasisha mfumo mzima. Kesho yake AIDE ikaniletea ripoti ya mistari karibu 2,900, na ilikuwa na haki, kwa sababu mafaili 2,900 yalikuwa yamebadilika kweli, kwa mkono wangu. Nilichotakiwa kufanya ni kuthibitisha kwamba ni ya sasisho, kisha kuandika daftari jipya. Dakika kumi. Sikufanya. Kwa hiyo kesho yake ikaleta mistari ileile 2,900, na kesho kutwa, na mtondo. Baada ya wiki nikatengeneza sheria kwenye barua pepe: chochote kutoka AIDE kiende folda yake, kisinisumbue.

Jioni ile ya Januari niliifungua ile folda. Barua 91 ambazo hazijasomwa. Nikaanza kurudi nyuma, na kwenye ripoti ya tarehe 30 Desemba, katikati ya mafaili halali ya sasisho la Oktoba, mstari huu:

f++++++++++++++++: /etc/ld.so.preload

Herufi f ni faili. Zile alama za kujumlisha zinasema ni jipya, halikuwepo. Rutikiti haikuweza kuidanganya kwa sababu AIDE niliyokuwa nayo ilikuwa imebeba maktaba zake zote tumboni, haiazimi za mfumo, kwa hiyo ule uchujaji wa katikati haukuigusa. Iliona. Ikaandika. Ikatuma usiku uleule. Mbwa alibweka wiki nzima ya sikukuu na nilikuwa nimemfungia chumba cha nyuma kwa sababu anabweka.

Kuhusu mlango: Desemba 23, kama kila Mchaga mwenye nauli, nilikuwa najiandaa kupanda kwetu. Ili nisiitwe ofisini katikati ya sikukuu nilifungua njia ya kuingia kwenye seva kutoka nje. Na kwenye mashine kulikuwa na akaunti iitwayo mafunzo, ya vijana wa field wa mwaka uliotangulia, yenye nywila ambayo naona haya kuiandika hapa, na yenye haki za kujigeuza ruti. Intaneti ina roboti ambazo kazi yao ni kugonga milango ya namna hiyo usiku na mchana. Haikuchukua wiki.

Mama mkurugenzi alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitisha kuliko angefoka. Halafu akauliza swali moja: "Pasi za wageni wamechukua?" Nikamwambia sioni dalili, ila siwezi kuapa, kwa kuwa aliyekuwa na uruti wiki mbili alikuwa na uwezo wa kusoma kila kitu na kufuta nyayo zake. Akamwita mwanasheria kabla hajaamua cha kunifanya. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nakala za pasi si makaratasi tu.

Wenzangu wengi wakisikia kisa hiki huniuliza nilitumia programu gani kuisafisha. Sikuisafisha. Ruti ikishaingiliwa, husafishi. Nilifuta diski, nikaweka mfumo upya kutoka chanzo rasmi, nikarudisha data tu, si programu, kutoka nakala rudufu za kabla ya Desemba 23, na bukingi za sikukuu tukaziingiza kwa mkono. Nywila zote zikabadilishwa. Kung'oa faili moja ulilolipata na kutangaza ushindi ni kumkamata mwizi mmoja bila kuuliza walikuja wangapi.

Na wale wanaoniambia faili la daftari linatosha, nawapa mfano wa pande zote mbili. Agosti 2011 iligundulika kwamba seva za kernel.org, nyumbani kwa kerneli ya Linux yenyewe, zimeingiliwa. Wavamizi walipata uruti na kubadilisha mafaili ya SSH, programu ya kuingilia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Dunia nzima ilikuwa na sababu ya kuogopa: je, wameingiza sumu kwenye kerneli tunayoitumia sote? Kilichowapa watu usingizi ni kwamba msimbo ule unatunzwa kwa Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ambayo inaweka hashi ya kila faili na kila hatua ya historia, na nakala kamili ziko kwenye kompyuta za maelfu ya waandishi wa programu. Kubadilisha kimyakimya faili moja pale seva kungepiga kelele kwa kila mwenye nakala. Mawe ya Bibi maelfu, chini ya vitanda maelfu.

Upande wa pili ni kwamba kuna rutikiti zinazoingia ndani ya kerneli. Hizo hata AIDE iliyobeba maktaba zake inakwama, kwa sababu mwisho wa yote ni kerneli inayosoma diski, na kerneli yenyewe ndiyo mwongo. Inaweza kumpa mkaguzi faili la asili alisome, huku ikiendesha jingine. Hapo dawa ni ileile ya flashi, au kulinganisha mashahidi wawili. Ndivyo Mark Russinovich alivyofanya mwaka 2005 alipogundua kwamba CD za muziki za Sony BMG zinaweka rutikiti kwenye kompyuta za wateja: alitumia programu inayolinganisha orodha iliyotolewa na Windows na orodha iliyosomwa moja kwa moja kutoka kwenye diski. Palipotofautiana ndipo palipofichwa, na kila kilichofichwa jina lake lilianza na $sys$. Halafu kuna za chini zaidi. LoJax, iliyoelezwa na kampuni ya ESET mwaka 2018, inakaa kwenye chipu ya ubao mama. Hata ukibadilisha diski unaikuta imekusubiri. Daftari la mafaili halifiki huko, na anayekuuzia programu akikuambia linafika, mpe chai kama Bibi.

Kwa ofisi kama yetu, hata hivyo, wanaokuja ni wa aina ya yule wangu, na kwa hao daftari linatosha likitunzwa. Siku hizi naangalia vichache: programu za mfumo, maktaba, kerneli na vinavyoiwasha, folda ya etc, ratiba za kazi za usiku, na faili la funguo za SSH za ruti. Magogo (yale mafaili ambamo mfumo huandika matukio yake), barua na folda za bukingi nimeziondoa kwenye ukaguzi wa hashi, maana zimeumbwa kubadilika. Nasasisha Alhamisi tu. Kabla ya kusasisha nakagua, baada ya kusasisha nakagua tena, nikiridhika naandika daftari jipya jioni hiyohiyo hata kama Noah za mwisho zinaondoka. Ripoti ya kawaida sasa ina mistari sifuri. Ikija yenye mistari minne, nasimama.

Daftari lenyewe haliko kwenye seva. Liko kwenye flashi mbili, na hashi ya daftari imeandikwa kwa peni kwenye kaunta buku la dada wa uhasibu, tarakimu zote 64, kwa mistari minne ya kumi na sita, pembeni ya hesabu za LUKU. Flashi moja anakaa nayo yeye, kwenye droo anayofungia stakabadhi. Mara moja kwa mwezi tunawasha seva kwa flashi safi, mimi nasoma, yeye anafuata kwa kidole.

"Nne, c, nane, nane, f..."

"Ngoja. Nane mbili?"

"Nane mbili."

"Endelea."

Mwezi uliopita baada ya kumaliza hashi alichukua ripoti akaisoma mwenyewe, jambo ambalo sikumfundisha. Kulikuwa na mistari mitatu. Akauwekea kidole mstari wa kwanza, /etc/passwd, akanitazama juu ya miwani.

"Hili ndilo faili la majina ya watumiaji, siyo?"

Ndiyo, nikamwambia, kuna kijana mpya wa field, nimemfungulia akaunti jana.

"Nani alikuruhusu?"

Nikaenda kuomba ruhusa.